Ishara ya Yeyote

Asubuhi, kabla ya chai, Apondi hutusomea sheria,
filimbi shingoni, buti juu ya gogo:
juu, chini, polepole, zungusha, fumba ngumi,
ishara zote ni zangu, Olweny, usimtazame mwingine.
Ila moja. Ya kusimama
ni ya yeyote.
Tukatikisa kofia zetu ngumu, tukaenda kunywa chai.

Huku Ahero, kando ya mashamba ya mpunga,
udongo ni mweusi, una tabia za shemeji:
jua likiwaka hukupa mkono mkavu, mgumu;
mvua ikinyesha usiku, hujui ameamkia upande gani.
Juu yake nimeitandaza miguu minne ya kreni,
chini ya kila mguu mbao, mbili juu ya mbili, zimepishana.
Pimamaji limetulia, kiputo katikati.

Watu husoma ubavuni TANI ISHIRINI NA TANO
wakadhani ni ahadi.
Shika ndoo ya maji kifuani,
kisha inyooshe mbele yako, kiwiko kisikunjike,
uhesabu hadi kumi.
Ndoo haikuongezeka hata tone.
Hayo tu ndiyo yaliyomo kwenye jedwali nililobandika kiooni,
mahali ambapo wenzangu hubandika timu zao.

Msimamizi Wafubwa alikuwa na wageni kesho, na utepe wa kukatwa.
Kwake kalivati lile la zege, tani sita na ushei,
lilikuwa kanda la usufi, kwa kuwa ni mzigo wa mwenziye.
"Peleka mkono mita moja zaidi. Ni dakika tu."
Saa tisa. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza
kuyalaza mafunjo upande mmoja.

Nikainua shibiri moja, nikangoja,
kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala
ukasikiliza pumzi yake kabla hujaondoka naye.
Minyororo ikalia, ikanyamaza.
Odipo, kamba ya kuongozea mkononi, akarudi nyuma;
chini ya mzigo hapiti hata kuokota shilingi.
Kidole cha Apondi: juu. Juu, polepole.
Mimi silioni kalivati linakokwenda. Naviona vidole vyake.

Kisha, pembeni mwa jicho, mwiko.
Nyar Kano, muuza nyoyo, ng'ambo ya utepe wa manjano,
mwiko mkono huu, kifuniko cha sufuria mkono ule,
ameinyoosha yote miwili kama mtu anayeanika shuka.
Hakupiga kelele.
Asubuhi, alipokuwa akigawa vikombe, alikuwa anasikia.

Apondi hakugeuka kuuliza ni nani huyo.
Mikono yake ikanyooka vilevile,
nami nikaacha kila kitu kama kilivyo,
kalivati linaning'inia, Wafubwa anataja wapishi na mahema.
Tukalirudisha chini, shibiri kwa shibiri.

Mguu wa nyuma, wa kushoto:
mbao ya chini imezama unene wa kiganja,
na ufa mwembamba unatoa maji ya rangi ya chai.
"Hapo palipita mfereji wa baba mkwe," akasema Nyar Kano.
"Waliufukia mwaka wa mafuriko.
Kufukia si kushindilia."

Hakuna kilichotokea. Hakuna gazeti lililokuja.
Utepe ulikatwa Alhamisi badala ya Jumanne,
na hotuba ilikuwa ndefu vilevile.
Kwenye daftari la kazi niliandika: 9.20, tumesimama, udongo.
Penye nafasi ya *aliyetoa ishara* Wafubwa alitaka liwe jina la Apondi,
Apondi akakataa, kalamu ikazunguka,
nikaandika Nyar Kano, nyoyo.

Nilipomwonyesha alilisoma polepole,
akafuta mwiko kwa kanga,
akanidai shilingi thelathini za jana.